Mkono Ulioshika Simu

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno "ngoma" lina maana kadhaa zinazokaa pamoja bila kugombana. Ngoma ni kile chombo cha mti na ngozi. Ngoma ni mchezo unaochezwa kwa kuyafuata mapigo ya chombo hicho. Na ngoma ni ule mkusanyiko wenyewe wa watu waliokuja kucheza. Husemwa kwamba fulani anapiga ngoma, fulani anacheza ngoma, na fulani amekwenda ngomani, na mara zote tatu neno ni lile lile. Sidhani kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati tu. Waliotuachia lugha hii hawakuona sababu ya kukitenga chombo na mchezo, wala kuutenga mchezo na watu. Kwao, ngoma isiyo na watu wa kuiitikia ilikuwa ngozi iliyowambwa juu ya gogo, basi.

Ndugu msomaji, nimeanza na neno hilo kwa sababu nakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo. Ni ile tabia iliyoenea siku hizi ya watu kuhudhuria ngoma, harusi na maonyesho ya muziki wakiwa wameinua simu za mkononi, ili kunasa picha na sauti ya yale yanayotendeka mbele yao. Wako wanaoilaumu tabia hii wakisema kwamba inaua starehe. Na wako wanaoitetea wakisema kwamba inaokoa mambo yasipotee. Mimi naona kwamba kila upande una haki yake. Lakini naona pia kwamba, kwa jinsi tunavyofanya sasa, tunakosa yote mawili: hatuifaidi ngoma, wala hatuihifadhi.

Naishi Kidahwe, mashariki ya mji wa Kigoma, mahali ambapo barabara itokayo mjini hugawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine ikielekea Uvinza. Ni nchi ya michikichi, mihogo na maharage. Wenyeji ni Waha, lakini kwa sababu ya ziwa, na kwa sababu ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, damu nyingi zimechanganyika hapa: Wamanyema kutoka Ujiji, Warundi, Wabembe, Wanyamwezi. Harusi zetu nyingi hufanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ndani, na nyimbo zake huimbwa kwa Kiha na Kiswahili, mara nyingine katika ubeti mmoja.

Kwa miaka mingi mimi nimekuwa mpigaji wa ngoma ndogo. Hii si kazi ya sifa. Sifa huenda kwa sogora wa ngoma kubwa na kwa mwimbishaji. Mpigaji wa ngoma ndogo hushika pigo moja toka mwanzo hadi mwisho ili wengine wapate pa kurudi. Lakini kazi hii ina faida moja: kwa kuwa mikono yako haina haja ya kufikiri, masikio yako yana nafasi ya kusikiliza. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi wimbo unavyojengwa.

Mwimbishaji hutoa ubeti, na duara zima huitikia kwa sauti na kwa makofi. Wasiojua huona kwamba kiitikio ni pambo tu. Kumbe kiitikio ndiyo pumzi ya mwimbishaji. Wakati watu wanaitikia, yeye anavuta hewa, anatazama nyuso zilizo mbele yake, anamwona shangazi wa bibi harusi aliyetoka mbali, anamwona mjomba aliyechelewa kuleta mbuzi, naye anatunga ubeti unaowahusu hao. Baadhi ya beti amezirithi kwa mama yake. Nyingine huzizaa papo hapo. Kiitikio kikiwa kizito na kirefu, hupata nafasi ya kutunga. Kiitikio kikilegea, hana pa kuvutia pumzi wala pa kufikiria, hivyo huufupisha wimbo na kuumaliza. Kwa hiyo urefu na utamu wa wimbo hautegemei koo la mtu mmoja. Unategemea mikono na vinywa vya wale waliolizunguka duara. Kwa mila zetu, mtu aliyekuja ngomani hakuja kutazama. Amekuja kufanya kazi, na kazi hiyo ndiyo starehe yake.

Sasa tazama kinachotokea simu inapoingia. Simu hushikwa kwa mkono mmoja, na wakati mwingine kwa miwili. Mkono ulioshika simu haupigi makofi. Mtu anayenasa picha hujizuia kucheza, maana akicheza picha itatikisika. Tena hujizuia kuitikia, maana sauti yake iliyo karibu itaizima ile anayoitaka. Basi anasimama kimya kama mlingoti. Mmoja akifanya hivyo hakuna hasara. Lakini wakifanya hivyo nusu ya watu, duara linapoteza nusu ya sauti yake na nusu ya makofi yake. Zaidi ya hayo, duara lenyewe huvunjika, kwa sababu wenye simu husogea mbele kutafuta mahali pazuri, na wazee waliozoea kuitikia husukumwa nyuma ya migongo.

Katika harusi moja ya kiangazi cha mwaka 2018 nililiona jambo hili kwa uwazi. Mwimbishaji alikuwa bibi mmoja mashuhuri wa kijijini kwetu, ambaye kwa heshima yake na ya jamaa zake sitamtaja jina. Alikuwa ameanza wimbo wa kumuaga bibi harusi, nao ni wimbo mrefu unaomtaja binti, nyumba anayoiacha, na nyumba anayoiendea. Kijana mmoja alikuwa amesimama hatua mbili tu mbele yake, simu ikiwa imeelekezwa usoni pake. Bibi alisimamisha wimbo, akamwambia kwa upole:

"Mjukuu wangu, naomba mikono yako."

Kijana akajibu kwa adabu, "Bibi, ninakurekodi, usije ukapotea."

"Basi nirekodi kwa kinywa. Itikia."

Watu walicheka, na kijana akateremsha simu kwa muda. Lakini baada ya ubeti mmoja aliiinua tena, na wenzake hawakuwa wameziteremsha hata kidogo. Mimi nilikuwa kwenye ngoma ndogo, nami niliuzoea wimbo ule. Kwa kawaida bibi huyo aliuimba kwa beti kumi na mbili au zaidi. Usiku ule aliukata kwenye ubeti wa tano, akafuta uso kwa upande wa kanga, akaomba maji. Wengi hawakutambua kwamba wimbo ulikuwa umekatwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akikitazama kioo chake.

Hata hivyo, si haki kumcheka kijana yule. Neno alilolisema, "usije ukapotea", ni neno zito, na historia yetu yenyewe inalishuhudia. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, kisiwani Unguja, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti zao zinaswe kwenye santuri. Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake tunayo hata leo. Bara nako, utangazaji wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 1951, na ambao baadaye ulikuwa Radio Tanzania, ulinasa katika kanda zake bendi za dansi, kwaya, ngoma na taarabu katika miaka ambayo mwanamuziki wa Tanzania hakuwa na studio nyingi za kuchagua. Nyimbo nyingi za miaka ya sitini na sabini tungezijua kwa majina tu, au tusingezijua kabisa, kama si kanda hizo. Atakayesema kwamba kunasa sauti ni adui wa utamaduni atakuwa amewakana watu waliotuhifadhia sehemu kubwa ya urithi wetu.

Aidha, simu imeleta faida ambayo mababu zetu hawakuiota. Mkoa wetu ni mkoa wa watu wanaohama na kuhamiwa. Iko kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo; na wako watu waliopita kambini humo ambao leo wanaishi Marekani. Wako vijana wetu waliokwenda Dar es Salaam kutafuta riziki na hawana nauli ya kurudi kila anapoolewa dada. Mama aliye mbali akiletewa picha za harusi ya mwanawe, akamwona mwanawe anacheka na kulia, hiyo ni rehema, na hakuna mtu mwenye moyo atakayeiita upuuzi.

Kwa hiyo swali si kama simu ni nzuri au ni mbaya. Swali ni hili: je, huku kuhifadhi tunakokudai, tunakufanya kweli? Sikulipata jibu lake vitabuni. Nililipata msibani.

Bibi yule mwimbishaji alifariki mwaka 2021. Jamaa zake walitaka sauti yake isikike siku ya kuondoa matanga, hasa ule wimbo wa kumuaga bibi harusi, ambao hakuna aliyeuimba kama yeye. Nilipewa kazi ya kuutafuta pamoja na vijana wawili, nasi tukadhani kwamba itakuwa kazi ya siku moja. Ni nani asiyekumbuka simu zile zilizoinuliwa? Tuliwaendea watu zaidi ya thelathini. Wengine simu zao zilikuwa zimeibwa, au zimetumbukia majini, au zimeuzwa. Wengine walikuwa wamezifuta picha zile ili kupata nafasi ya picha nyingine. Wengine walizipeleka kwenye ile sehemu ya simu ambayo picha huonyeshwa kwa siku moja na kutoweka, wala hawakujiwekea nakala. Mwisho tulipata vipande kumi na kimoja, na kilichokuwa kirefu kuliko vyote hakikufika dakika mbili. Kimoja kilionyesha mgongo wa mtu. Kingine kilimwonyesha mwenye simu mwenyewe akijitazama. Katika vingine bibi anaonekana, mdomo wake unafunguka, lakini kinachosikika ni kelele za aliye karibu na chombo. Wimbo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, haukuwamo hata katika kimoja.

Wimbo tuliupata kwingine. Mkwe mmoja wa ukoo ule, mwanamke mtulivu ambaye kwa miaka mingi hakuwa na simu, alisema kwamba yeye alizoea kusimama upande wa kushoto wa bibi na kuitikia. Tulimwomba aimbe. Alianza kwa haya, akashika pigo kwa makofi yake mwenyewe, akaimba beti saba mfululizo, kila moja na mahali pake. Alipofika ubeti wa nane alisita, akarudi nyuma, akajaribu tena, akashindwa. Hizo saba ndizo tulizo nazo. Zilizobaki, pamoja na zile ambazo bibi angezitunga kama kiitikio kingekuwa na nguvu, zimekwenda naye.

Nimelifikiri sana jambo hili. Siti alikwenda Bombay akasalia katika santuri. Bibi yetu alizungukwa na mashine nyingi, kila moja ikiwa na uwezo mkubwa kuliko mashine za mwaka 1928, na hakusalia. Tofauti haikuwa ya mashine. Tofauti ilikuwa ya nia. Waliosafiri kwenda Bombay walijua kwamba hawakwenda ngomani, walikwenda kazini. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu hivi tu, na wimbo ulipaswa kupangwa uenee humo. Kila mmoja alikuwa na wajibu wake, na kazi ilipokwisha ilikuwa imekwisha. Kisha Siti alirudi nyumbani kwake Ng'ambo, Unguja, akaendelea kuwaimbia watu waliokaa mbele yake. Kunasa kulikuwa na wakati wake, na kuimba na watu kulikuwa na wakati wake. Sisi tumezichanganya kazi hizi mbili kwa wakati mmoja na katika mkono mmoja, na ndiyo sababu zote mbili zinaharibika.

Hata wataalamu wa akili za binadamu wameligusa jambo hili. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel, wa Chuo Kikuu cha Fairfield nchini Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanafunzi waliotembezwa katika jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya kuliko vitu walivyovitazama tu. Lakini aligundua neno jingine pia: walipotakiwa kuikaribia sehemu moja ya kitu na kuipiga picha hiyo, kumbukumbu yao haikupungua. Mimi si mtaalamu wa elimu hiyo, lakini funzo lake nalielewa kwa lugha ya kijijini. Anayenasa kila kitu ameiachia mashine kazi ya kukumbuka. Anayechagua kitu kimoja kwa makini ameendelea kutazama.

Wala tusidhani kwamba hili ni la ngoma za jadi peke yake. Mwaka huohuo wa 2014 mwimbaji Kate Bush wa Uingereza, aliyekuwa akirudi jukwaani London baada ya miaka mingi, aliwaomba waliohudhuria maonyesho yake wasitumie simu, kwa kuwa alitaka kuwa pamoja nao, si pamoja na vyombo vyao. Hapa kwetu Kigoma, wanamuziki wa kizazi kipya wenye asili ya mkoa huu, kama Diamond Platnumz, ambaye Disemba 2019 alikuja kuadhimisha hapa miaka 10 ya muziki wake, huvuta maelfu ya watu. Katika maonyesho kama hayo nyimbo zimekwisha kunaswa studio, tena kwa ufundi ambao simu ya mtu aliyebanwa katikati ya umati haiwezi kuufikia. Kitu pekee kisichokuwamo katika nyimbo zile za studio ni sauti yako wewe ikichanganyika na sauti za jirani zako. Hicho ndicho kilichokutoa nyumbani, na hicho ndicho simu isichoweza kukupelekea.

Je, tufanye nini? Wako wanaoshauri simu zikusanywe mlangoni. Kwa kijijini naona kwamba hilo litaleta ugomvi bila faida. Kijana aliyejinyima ili anunue simu hatapenda kunyang'anywa mbele ya wenzake, na mama aliye mbali ana haki yake. Heri tufuate desturi yetu ya kale ya kugawana kazi. Katika harusi hatuwaachii watu mia wapike; huchaguliwa wapishi. Hatuwaachii watu mia wapokee wageni, huchaguliwa wapokezi. Kwa nini basi kazi ya kuhifadhi isiwe na mtu wake?

Katika harusi mbili nilizoshiriki baada ya msiba ule tulijaribu kufanya hivyo. Mchana, kabla ya harusi, mwimbishaji na wapigaji tuliketi chini ya mwembe, tukaimba kila wimbo mzima bila haraka. Simu moja iliwekwa juu ya kigoda, haikushikwa na mtu. Mwanzo wa kila wimbo yalitajwa mahali, tarehe, jina la mwimbishaji, na maana ya wimbo; na maneno yakaandikwa katika daftari la shule. Nakala zilipewa nyumba tatu mbalimbali, ili moja ikiungua au ikiibiwa mbili zibaki. Usiku, mtu mmoja alipewa mahali pazuri na ruhusa ya wenye harusi, akapiga picha za kuwapelekea walio mbali. Wengine wote waliombwa, wala hawakuamrishwa, watie simu mifukoni wakati wa nyimbo kubwa. Si wote waliotii. Lakini waliotii walitosha kulifunga duara, na wimbo wa kumuaga bibi harusi ulirefuka mpaka wazee wakaanza kutaniana kwamba kutakucha.

Kazi ya kunasa alipewa kijana yule yule aliyeombwa mikono mwaka 2018. Anaifanya vizuri, lakini hulalamika kwamba inamnyima nafasi ya kucheza. Malalamiko hayo yananipendeza, kwa sababu yanaonyesha kwamba sasa anaijua thamani ya kile anachokitoa. Zamani alikitoa bila kujua, na hakuna aliyefaidika.

Basi, ndugu msomaji, utakapoalikwa ngomani, uliza kwanza kama amechaguliwa mtu wa kuhifadhi nyimbo, na kama hajachaguliwa, shauri achaguliwe. Ukiwa wewe ndiye uliyechaguliwa, ifanye kazi hiyo kikamilifu, wimbo mzima na jina la mwenyewe, kwa maana jamaa watakuja kukuuliza siku ya msiba. Na kama si wewe, tia simu mfukoni, ingia katika duara, upige makofi na kuitikia mpaka uujue wimbo. Mkwe wa bibi yule huwafundisha wasichana wa Kidahwe zile beti saba jioni za kiangazi. Wengi wao wana simu, na amewaambia waziache ndani.